Ukimya Hauuzwi Nkubu

Mwanamume wa Meru akipata pensheni, ukoo mzima hutega sikio umsikie akitamka ng'ombe au ploti. Shemeji yangu, alipostaafu uhasibu wa kiwanda cha majani chai, alitamka daki.

"Hiyo hula nini?" mama mkwe akauliza.

"Stima, Mama."

"Na hutoa nini?"

Swali hilo la pili ndilo lililonitoa Embu. Shemeji alinipigia simu jioni ile ile akaniomba nipande Nkubu mwisho wa wiki nikamweleze mama yake, kwa kuwa mimi hufundisha fizikia na kwa kuwa nimemwoa dada yake. Mtu mwenye hatia hizo mbili hana pa kukimbilia.

Kumweleza mama mkwe jambo lolote si kazi ndogo. Kwa heshima za huku kwetu, mtu na mama mkwe wake hawatupiani maneno ovyo, na mama huyu ameishika sheria hiyo barabara. Tukiwa watu watatu sebuleni yeye humwambia mwanawe, "Mwambie mwalimu chai inapoa," nami nimeketi kiti cha pili kutoka chake, kikombe mkononi. Jibu langu pia hupitia kwa shemeji. Basi somo zima la sauti ya dijitali lilifanyika kwa mkalimani, ingawa sote tulikuwa tunazungumza Kiswahili kimoja.

Nikaeleza hivi. Muziki ulio kwenye CD, kwenye flashi au ndani ya simu si sauti, ni namba. Tangu Sony na Philips walipoleta CD sokoni mwaka 1982, namba hizo ni 44,100 kwa kila sekunde, na hizo ni za sikio moja tu. La pili lina zake. Spika nayo haijui kusoma. Inachojua ni kusukumwa na kuvutwa na umeme. Lazima basi awepo wa kuzigeuza namba ziwe umeme unaopanda na kushuka, na huyo ndiye kibadilishi cha dijitali kuwa analogi, ambacho wapenzi wa muziki hukiita daki kwa kukosa pumzi ya kulimaliza jina.

"Mwambie mwalimu," mama mkwe akasema, "redio yangu haina namba na inaimba."

Redio yake hufunguliwa Muuga FM kabla jogoo hajajua kumekucha, na ni kweli, haina namba. Nikamwambia shemeji amwambie kwamba hapo sina la kujibu.

Lakini kwa shemeji mwenyewe nilikuwa na la kusema. Daki ziko kila mahali, na karibu zote umeshazilipia bila kujua. Imo ndani ya simu. Imo ndani ya wufa zinazopangwa hadi kandokando ya barabara pale Luthuli Avenue, Nairobi. Apple huuza Marekani kebo fupi ya kuchomekea vipokea sauti kwa dola 9, na ndani ya kichwa chake cha plastiki mna daki ambayo watu waliopima kwa mitambo waliikuta safi kuliko uwezo wa sikio kulalamika. Nilikuwa nayo mfukoni. Nikaitoa, nikaiweka juu ya kitambaa cha meza, nikadhani nimemwokolea pensheni yake.

Akaitazama, akanitazama na mimi, kwa huruma ile ile.

"Mwalimu," akasema, "wewe unasikiliza kwa kalkuleta."

Kisha akaleta daftari. Mhasibu haachi uhasibu kwa sababu ameagwa na keki. Lilikuwa daftari la mistari miwili, wino mwekundu kwa bei na wa buluu kwa sifa, na ukurasa wa kwanza ulikaliwa na daki ya Chord Electronics ya Kent, Uingereza, iitwayo DAVE, ambayo ilipotoka iliuzwa karibu pauni 8,000. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni moja. Kwa milioni moja, kule Mbeere unapata kipande cha ardhi na chenji ya kukizungushia seng'enge. Na DAVE wala haikuwa ya juu kabisa kwenye daftari. Kulikuwa na ukurasa wa dCS ya Cambridge ambao shemeji aliufungua na kuufunga haraka, mama yake asije akaona sifuri.

Ulimwengu wa daki una koo mbili, na kama koo zote, kila mmoja unaamini mwingine ulipotokea ni aibu. Ukoo wa kwanza ni wa ngazi. Fikiria mizani ya zamani ya kupimia kwa mawe: jiwe la kwanza ni nusu ya uzito wote, linalofuata ni nusu ya hilo, na kuendelea hadi unafika kwenye changarawe. Kila namba ya muziki ni amri ya mawe gani yawekwe na yapi yaondolewe. Badala ya mawe kuna rizista zilizopangwa ngazi kwa ngazi. Ni jambo zuri kulieleza darasani, na lina balaa moja. Kwa biti 16 changarawe ya mwisho ni sehemu moja kati ya 65,536. Kwa biti 24 ni moja kati ya zaidi ya milioni 16. Rizista nzuri sana hukosea asilimia 0.01, ambayo ni moja kati ya elfu kumi. Jiwe kubwa likikosea kwa kiasi hicho, kosa lake tayari ni zito kuliko changarawe ya mwisho, kwa hiyo mtengenezaji hukesha akichagua rizista moja moja, na mnunuzi hulipia huko kukesha.

Ukoo wa pili, wa delta-sigma, hauna mawe mengi, una mikono ya haraka. Huwasha na kuzima umeme mamilioni ya mara kwa sekunde, wastani wake unakuwa wimbo, na takataka inayobaki husukumwa juu kabisa, kwenye masafa ambayo sikio halifiki. Ndio ulio ndani ya karibu kila simu. Ni rahisi, ni sahihi, na kwa shemeji sifa hiyo ya kwanza ilikuwa kasoro.

"Oktoba 2020," akaniambia, kidole juu ya daftari, "kiwanda cha Asahi Kasei kule Nobeoka, Japani, kiliungua. Chipu za daki zikaadimika dunia nzima. Ngazi haiungui Japani, mwalimu. Ngazi ni rizista tu. Hata wewe unaweza kuitengeneza."

Nilimkumbusha kwamba Claude Shannon alishachapisha uthibitisho wake mwaka 1949: ukichukua namba zaidi ya maradufu ya masafa ya juu kabisa unayoyataka, hakuna kinachopotea katikati, na namba 44,100 zinatosha kufika hezi 20,000 ambazo kijana husikia. Sisi tuliovuka hamsini wengi wetu tumeshaziaga hizo za juu na hatukuandaliwa hata sherehe.

"Huyo Shannon," shemeji akauliza, "aliwahi kumsikiliza Franco?"

Mwaka 1949 Franco alikuwa mtoto kule Léopoldville na OK Jazz ilikuwa haijazaliwa. Sikuona njia ya kuendelea na mjadala.

Ilinichukua muda kuelewa kinachouzwa hasa. Nilidhani ni sauti. Kumbe ni ukimya. Kila sifa aliyonisomea kutoka kwenye daftari lile ilikuwa juu ya weusi uliopo nyuma ya gitaa, giza ambalo mwimbaji anatokea ndani yake, utulivu kati ya noti na noti. Hilo nalo lina kipimo. CD ya biti 16 ina nafasi ya desibeli 96 kati ya sauti yake kubwa kabisa na kelele yake yenyewe. Daki nzuri za siku hizi huvuka 120. Shilingi milioni moja inanunua shimo refu la kutosikika kitu.

Sasa tuje Nkubu. Nyumba ya shemeji iko ng'ambo kidogo tu ya barabara ya Embu kwenda Meru, mahali ambapo malori hupunguza gia kwa kilio. Nilifungua programu ya kupimia kelele kwenye simu, saa nne ya usiku, kila mtu amenyamaza kwa ajili ya sayansi. Ikasoma 40 na ushei. Nikasikiliza hizo 40 zinatoka wapi. Mbwa wa jirani alikuwa akibishana na mbwa wa jirani wa jirani. Kanisa moja lilikuwa na kesha, na lilikuwa limegeuza spika zake nje, kwa kuwa walio ndani wameshaokoka. Kuna bodaboda iliyotolewa ekzosi makusudi. Kuna ng'ombe aliyekuwa akicheua upande wa pili wa ukuta, na ng'ombe akicheua usiku, ukimtilia maanani, ana sauti kubwa kuliko unavyokumbuka. Juu ya yote hayo ni mabati. Mvua ya Novemba ikishuka juu ya mabati hata habari za saa moja husomwa na midomo tu.

Basi nikamfanyia shemeji hesabu nyuma ya daftari lake. Ili usikie desibeli 120 zote ulizolipia, sauti ndogo kabisa ya wimbo inapaswa kwanza kuivuka kelele ya Nkubu, ambayo ni 40. Arobaini na mia na ishirini ni mia na sitini. Ndege ya jeti ikipaa karibu nawe haifiki hapo, na maumivu ya sikio huanza mapema sana njiani. Kwa maneno mengine, ukitaka kusikia daki yako yote itakubidi uwe kiziwi kabla wimbo haujafika korasi.

Alikagua hesabu, mhasibu ni mhasibu, akaiona sawa, akaweka tiki nyekundu. Kisha akafungua ukurasa mwingine akaniuliza kuhusu saa.

Daki ina saa ndani yake, ya kuamua kila namba itoke lini hasa, na saa hiyo ikiyumba sauti nayo inayumba. Wauzaji wa daki ghali hujisifu kwamba saa zao huyumba kwa pikosekunde chache, na pikosekunde moja ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Niliambiwa haya na mtu ambaye kadi ya harusi ya binti yake ilisema saa nne asubuhi, na bwana harusi akaingia saa nane na nusu huku shemeji akiwatuliza wageni kwamba hatujachelewa.

Kuagiza kutoka nje kulimshinda siku alipokokotoa kodi. Kuna ushuru wa forodha, kuna VAT ya asilimia 16, kuna ada ya tamko la uagizaji, na kuna ada ya maendeleo ya reli. Hiyo ya mwisho ilimuuma kuliko zote. Reli iliishia Nanyuki tangu enzi za mkoloni na haijawahi kuzunguka mlima kuja kwetu. Mzigo ungetoka kiwandani kwa ndege, ungetoka Nairobi kwa matatu, ungepelekwa nyumbani kwa bodaboda, na bado ungelipa nauli ya treni.

Hapo akajitokeza binamu aliyeko Minnesota. Alikuwa anakuja likizo, na huko aliko kuna mzee wa Kizungu anauza daki yake ya ngazi iliyotumika, kwa bei ambayo shemeji alikataa kuniambia na mimi nikakataa kumwambia dada yake. Binamu aliifunga ndani ya blanketi, akaipitisha uwanja wa ndege pamoja na viatu vya watoto, akaituma Embu kwa matatu kutoka steji ya Tea Room, Nairobi, ili mimi niikague kwanza.

Niliikagua kwa kuipeleka kwa fundi wangu karibu na soko la Embu. Fundi huyu ametengeneza kila kitu chenye waya katika mji huu tangu enzi za redio za mbao. Alifungua kifuniko, akachungulia, akasogeza taa.

"Mwalimu, hii ina wufa?"

"Haina."

"Bluetooth?"

"Haina."

"Basi mmeuziwa kasha. Ndani kuna hewa." Akaendelea kuchungulia. "Halafu hii ni ya volti 115."

Ilikuwa kweli. Baadhi ya daki huwa na swichi ya kuchagua 115 au 230. Hii ilikuwa na transfoma yenye msokoto mmoja tu upande wa kuingilia, na ukiichomeka kwenye volti 240 za Kenya ingetoa wimbo mmoja mfupi na moshi. Dawa yake ilikuwa transfoma ya nje ya kushusha umeme. Fundi alikuwa nayo, ya chuma, rangi ya kijivu, uzito wa kilo kama kumi, imekaa chini ya benchi ikingoja mjinga mwenye kitu cha Marekani. Aliichomeka ili niione inafanya kazi. Ikanguruma.

"Hiyo sauti itaisha?" nikauliza.

"Itaisha ukizoea."

Kuna kejeli ambayo mtu wa Embu hawezi kuiacha ipite. Umeme huu ni wa kwetu. Mto Tana unaposhuka Mbeere umezuiwa na mabwawa matano yanayofuatana, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na la Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968, kabla ya mimi kuzaliwa. Gitaru peke yake ina megawati 225. Nyaya kubwa huubeba umeme huo kuupeleka Nairobi, na sisi tunaoishi juu ya mlango wa kiwanda hupata uliorudi kutoka matembezi, ukiwa umechoka, siku nyingine 240, siku nyingine 200, na kinu cha posho kikiwashwa taa hupiga magoti.

Nikapanda gari ya Meru, daki mapajani ndani ya blanketi, transfoma miguuni. Kondakta aliitazama transfoma akaitoza nauli ya mtoto. Abiria wa nyuma alitaka kujua kama ni betri ya sola, wa mbele akasema ni mashine ya kutotolea vifaranga, na mjadala huo ukatufikisha Runyenjes, ukavuka nasi mto Thuci, ukapita Chuka ukiwa moto. Uliishia Nithi. Pale darajani, ambapo pameua watu wengi, matatu nzima hunyamaza, redio hupunguzwa, na hata kondakta huingiza kichwa ndani. Nilipima baadaye kwa kumbukumbu: kati ya Embu na Meru hapo ndipo mahali pekee nilipowahi kukuta weusi ule wa kwenye daftari. Tulipomaliza kupanda upande wa pili, yule wa mbele akarudia kwamba ni ya vifaranga.

Shemeji alikuwa ameandaa sebule. Spika zimewekwa umbali uliopimwa kwa futi ya fundi cherehani, kiti kimoja katikati, kochi la wageni limefukuzwa ukutani. Miraa ya Nyambene ilikuwa mezani, mbichi, kwenye jani la mgomba. Mimi ni mtu wa Embu, kwetu ni muguka, lakini ugenini mtu hali kwa ukabila.

Tukawasha. Transfoma ikaanza: mmmmmm. Daki ikawasha taa moja ndogo ya buluu. Nyuma ya gitaa lolote ambalo lingekuja kulikuwa na weusi wa desibeli mia na kitu, na mbele ya weusi huo, kwenye zulia, kulikuwa na kilo kumi za chuma zikinguruma kwa hezi 100. Shemeji aliifunika na mto wa kochi. Mto ukanguruma.

"Weka wimbo," akasema kwa ujasiri.

Tukaweka "Sina Makosa" ya Les Wanyika, kwa sababu besi ya Tom Malanga mle ndani inatosha kukuonyesha kama spika zimelala au ziko macho. Kusema haki ya Mungu, ilipiga vizuri. Gitaa lilikuwa mahali pake, sauti mahali pake. Shemeji alifumba macho. Nami nilikuwa karibu kufumba yangu, na ndipo ilipoingia, wazi, yenye mwili, ukisikia hadi mate ya mdomoni, sauti ya kijana akipiga kelele jina lake la udijei na namba ya simu ya kumkodisha.

Flashi ile shemeji aliijaziwa Makutano, Meru mjini, nyimbo mia tano kwa bei ya chai na mandazi, na zote zilikuwa zimekatwa kutoka kwenye miksi. Kwenye wufa ya zamani dijei alikuwa kelele ya mbali tu. Sasa alikuwa amekaa nasi sebuleni. Kwenye "Mario" ya Franco, ambayo ilitoka 1985 na inakaribia robo saa, alirudi mara nyingi, na mahali ambapo hakuwepo tulisikia vumbi la santuri ya mtu fulani likikwaruza sindano, kila chembe na nafasi yake. Hiyo ndiyo kazi ya daki nzuri. Haichagui. Ukiipa takataka inakuletea takataka yote, imepangwa kushoto na kulia.

Saa sita za usiku handasi ya miraa ilikuwa imetushika na mjadala umekuwa mkali, nikatoa ile kebo yangu ya dola 9. Tukaifunga kwenye amplifaya sambamba na daki, wimbo mmoja, kubadilisha kwa swichi. Ya shemeji ilishinda papo hapo. Ilikuwa na nguvu, ina kifua, ina uhai. Ya kwangu ilisikika imelazwa hospitali. Shemeji hakusema kitu, alitafuna tu kwa utukufu.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mama mkwe, ambaye tulikuwa tumemnyima usingizi, alisimama na leso begani, akasikiliza ya kwanza, akasikiliza ya pili.

"Mwambie mwalimu," akasema, "hii moja inapiga kelele zaidi. Aongeze ile nyingine zilingane, ndipo mseme mnachosema. Kisha mzime."

Katika nyumba ile yenye mwalimu wa fizikia na mhasibu, mwanasayansi alikuwa amevaa leso. Daki ya shemeji hutoa volti 4 kwenye nyaya zake za XLR. Kebo yangu hutoa karibu volti moja. Mara nne ni desibeli 12, na sikio la binadamu, hata likiongozwa na nia njema, husema iliyo kubwa ndiyo nzuri. Tukalinganisha. Baada ya hapo shemeji alihitaji kufumba macho ili asikie tofauti, na mimi nilihitaji shina jingine la miraa.

Transfoma haikuweza kubaki sebuleni. Asubuhi tulipitisha waya dirishani, tukaipeleka nje kwenye banda la kuku, juu ya rafu, mbali na mvua, tukaizungushia boksi la bati lenye matundu. Ndani ya nyumba kukatulia, kwa kiwango cha Nkubu. Jioni ile shemeji alisikiliza bila mngurumo akasema sasa anauona ule weusi. Nikarudi Embu nikijua kazi imekwisha.

Baadaye shemeji alinipigia simu kwa sauti ya chini. Kuku mmoja alikuwa amegundua kwamba juu ya boksi kuna joto usiku na mchana. Mwanzo alilala tu pale. Kisha akataga. Kisha akaatamia, mabawa wazi, akaanza kumdonoa yeyote anayekaribia waya.

"Zima basi, mpaka ashuke," nikamwambia.

"Mama amekataa. Amesema mayai yatapoa."

Na hapo ndipo mambo yalipomwendea shemeji vizuri kupita alivyopanga. Katika daftari lake kulikuwa na ukurasa mzima kuhusu kuipasha daki moto: kwamba ya ngazi isizimwe, kwamba iachwe ikiwaka wiki nzima, kwamba baada ya mamia ya saa sauti hufunguka. Mimi huamini kwamba kinachofunguka ni mkono wa msikilizaji uliobana kwa sababu ya bei. Lakini daki ikawaka siku ishirini na moja bila kuzimwa, kwa amri ya kuku, na shemeji alinipigia kila siku chache kuniarifu kwamba besi imeshuka, kwamba sauti za juu zimelainika, kwamba saksafoni imesogea hatua moja nyuma. Stima ilipopotea usiku mmoja kwa sababu ya tawi la mkaratusi, aliyetoka nje na blanketi alikuwa mama mkwe, na blanketi lilikuwa lile la Minnesota.

Vifaranga walitoka wote isipokuwa wawili. Shemeji anasema wiki hiyo ndiyo iliyokuwa na sauti bora kuliko zote.

Hata hivyo mtu wa daki haridhiki. Alishaanza kuuliza ya volti 230, isiyohitaji chuma nje, akatangaza kuiuza ya kwanza. Alikuja kijana wa Chuka, mpole, msomi, mwenye vipokea sauti shingoni. Alisikiliza nusu saa, akapenda, wakakubaliana bei. Akauliza kama transfoma imo ndani ya bei hiyo, maana bila yake hawezi hata kuiwasha.

Mama mkwe si mkwe wa kijana wa Chuka, kwa hiyo huyo alimwambia mwenyewe moja kwa moja. Transfoma haiuzwi. Kuna kuku wa pili juu yake.

Kijana aliondoka na mayai. Mimi nilipigiwa simu, na nyuma ya sauti ya shemeji nikasikia nyingine ikimwelekeza maneno.

"Mama anasema nikuulize ile ya Uingereza, ya pauni 8,000, hupata joto kiasi gani."

Nikamwambia amwambie ile haifai, haili umeme wa kutosha. Kama shida ni joto, aachane na daki atafute amplifaya ya valvu, ile ya taa za kioo, ambayo huwaka hadi unaweza kuota moto. Kulikuwa na mashauriano mafupi upande wa pili.

"Anasema uulize inaenea kuku wangapi."